Kabla hujapanda ndege ya Moroni

Mnaokwenda Komoro kusalimia ndugu, shikeni simu sasa hivi mkiwa bado Dar. Kila namba uliyoihifadhi kwa 07 au 06 iandike upya: toa ile sifuri, weka +255. Mdogo wangu alitua Moroni akawa anampigia mama Temeke kwa namba ileile ya siku zote. Simu haitoki, na salio analo! Jioni nzima mama roho juu. Namba za kule zina tarakimu 7 tu baada ya +269, kwa hiyo ukipewa fupi usidhani umedanganywa.

Laini ya kule nunua ukifika, ila ya hapa usiitupe kwenye begi. Benki ikituma namba ya uthibitisho utaipokelea wapi? Uliza mtandao wako mapema kama itashika nje.

Chaja nayo: soketi zao ni za Kifaransa, matundu mawili ya duara, plagi yetu ya miguu mitatu haiingii. Adapta pitia Kariakoo. Redio washa tu, Kikomori utanasa neno hapa neno pale, mpaka wahamie Kifaransa.