Kumwita bosi Japani: lini utaje cheo, lini ukiache

Ukianza kazi kwenye kampuni ya Kijapani, mkubwa wako mwite kwa cheo chake. Mkuu wa idara ni buchō, wa kitengo kilicho chini yake ni kachō, na anayeongoza kampuni nzima ni shachō. Cheo hufuata jina la ukoo: Tanaka-buchō. Usikibandikie -san wala -sama, yaani viambishi vya heshima vinavyofuata jina (-sama ni ya juu zaidi), kwa kuwa heshima imo ndani yake tayari. Wafanyakazi wenzako waite kwa jina la ukoo na -san. Zipo kampuni zinazotaka hata shachō aitwe -san, kwa hiyo siku za mwanzo tega sikio usikie wanavyoitana.

Kinachowatatiza sana wenzetu ni simu ya mteja. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hatajwi kwa jina tupu, awepo asiwepo. Ofisini Japani, mteja akimuulizia Tanaka-buchō, unajibu: "Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu", yaani Tanaka hayupo mezani kwa sasa. Humpi cheo, humpi -san. Mbele ya mtu wa nje, wewe na bosi wako ni wa nyumba moja, na wa nyumbani hujishusha ili mgeni apewe nafasi ya juu. Ukimtukuza bosi wako hapo, mteja ndiye unayemvunjia heshima. Ikibidi cheo kijulikane, kitangulize: buchō no Tanaka. Ukishakata simu na kumgeukia mwenyewe, anarudi kuwa Tanaka-buchō. Lakini akipiga mke wake au ndugu yake, mtaje kwa heshima zote, maana kwao yeye ni mtu wao. Jizoeze kwa sauti nyumbani, tafadhali. Ulimi uliofunzwa adabu zetu hukataa kabisa mara za kwanza.

Kwenye barua pepe, mteja anaandikiwa -sama baada ya jina. Kampuni au idara isiyotajiwa mtu huandikiwa onchū. Walimu, madaktari, mawakili na wabunge ni sensei. Anata, yaani "wewe", usimwambie mkubwa hata kidogo. Rudia jina au cheo chake.

Na wewe je? Usijiite -san kamwe. Majina yetu matatu huwachanganya, na wengi watashika la kwanza kwenye kitambulisho chako. Chagua moja mapema, liandike kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, kwenye kadi yako ya kazi, na ulitamke polepole unapoikabidhi kwa mikono miwili.