Buti za pikipiki: zisokote kwanza kabla ya kuuliza bei

Ndugu zangu mnaotoka Malindi na pikipiki kwenda Marafa kuona korongo la Nyari, au mnaoshuka mpaka Mombasa na kurudi, tafadhalini acheni kupanda na ndara. Pikipiki ikikulalia kwenye mchanga, kifundo cha mguu ndicho kinachobanwa, na bomba la moshi liko papo hapo linachoma.

Iwe ni dukani au kwenye mitumba, shika buti kisiginoni kwa mkono mmoja na mbele kwa mwingine, uisokote kama unayekamua nguo. Ikisokotoka kirahisi, iache. Kisha bonyeza pande zote mbili za kifundo kwa kidole gumba: usikie kitu kigumu ndani, si sponji tupu. Zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya huandikwa EN 13634 kwenye lebo ya ndani.

Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa joto, na soksi zile zile za safari. Usitosheke kutembea, chuchumaa, kisha kaa juu ya pikipiki upandishe gea. Kidole kikikwama chini ya gea, hata ziwe nzuri vipi, hazikufai. Kamba ndefu nazo zichomeke ndani zisinase.

Mimi napenda za ngozi, zinazofika nusu ya muundi. Nikipita njia za ufukweni nazifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, nazianika kivulini, halafu nazipaka mafuta, maana chumvi hukausha ngozi ikapasuka, na zipu ya chuma hushika kutu.