Saklipi: jinsi ya kuichagua, kuivua na kuivisha bila kuharibu mfuo

Beringi ikianza kutembea juu ya shafti, au gia ikihama mahali pake, mafundi wengi hukimbilia kubadili beringi. Tazama kwanza saklipi, kisha utazame mfuo wake, yaani ule mtaro mwembamba uliokatwa kuzunguka shafti au ndani ya tundu. Saklipi ni ringi yenye mdomo wazi inayokaa kwenye mfuo huo, nayo ni ya chuma cha springi, kigumu. Shafti nyingi ni za chuma laini kuliko hicho, kwa hiyo mzigo ukizidi, mara nyingi kinachoanza kushindwa ni ukuta wa mfuo. Ukuta ukishapinda, hata saklipi mpya kabisa itapanda na kutoka.

Kazi ya saklipi ni kuzuia kitu kisisogee kwa urefu wa shafti. Haizuii kitu kisizunguke. Hiyo ni kazi ya kii (kipande cha chuma kati ya shafti na gia), splaini (meno yaliyokatwa kwenye shafti), au mbano wa beringi yenyewe. Ukiivua ukakuta uso wake mmoja umelika na kung'aa, jua kwamba ringi ya ndani ya beringi imekuwa ikizunguka juu ya shafti. Hapo tatizo ni shafti iliyokonda, na saklipi mpya haitaliondoa.

Aina utakazokutana nazo

Zilizo nyingi ni mbili. Ya nje huvishwa juu ya shafti na hutanuliwa ili ipite. Kiwango chake cha kawaida ni DIN 471 (DIN ni viwango vya Kijerumani). Ya ndani huingizwa kwenye tundu na hubanwa ili ipite. Hiyo ni DIN 472. Zote zina masikio mawili yenye matundu ya koleo. Namba yake hutokana na kipenyo cha shafti au cha tundu, si cha saklipi ikiwa mkononi, na hapo ndipo watu hununua isiyofaa.

Chukua shafti ya 20 mm. Saklipi yake ina unene wa 1.2 mm. Mfuo una upana wa 1.3 mm na kipenyo cha 19 mm chini yake. Saklipi ikiwa haijavishwa, kipenyo chake cha ndani ni 18.5 mm. Tofauti hiyo ya nusu milimita ndiyo inayoifanya iubane mfuo. Kwa upande wa ndani, tundu la 47 mm, linalobeba beringi ya 6204, lina mfuo wa 49.5 mm na saklipi yenye unene wa 1.75 mm, ambayo ikiwa huru ina kipenyo cha nje cha 50.5 mm. Ikiwa uliyoivisha inazunguka kwa kidole bila kukataa, imeshatanuka au si saizi yake.

Ndogo zisizo na masikio, zinazosukumwa kutoka ubavuni, zina umbo la herufi E. Namba yake ni kipenyo cha mfuo: ya 5 huvaliwa na shafti ya 6 hadi 8 mm. Waendesha bodaboda wanayo kwenye sindano ya kabureta. Sindano nyingi zina mifuo mitano, na klipu huanzia wa katikati. Ukiipandisha klipu mfuo mmoja, sindano hushuka na petroli hupungua. Ukiishusha, sindano hupanda na petroli huongezeka. Sogeza mfuo mmoja kwa wakati, kisha jaribu pikipiki barabarani.

Zipo pia za waya wa mviringo, kwenye pini ya pistoni na kwenye ncha za shafti za magurudumu ya mbele ya gari. Za kukaa kwenye mfuo uliokatwa juu ya beringi yenyewe, ambayo namba yake huishia na NR. Na za kujizungusha kama koili bapa, zinazofaa penye nafasi finyu kwa kuwa hazina masikio. Zile za meno zinazosukumwa juu ya shafti isiyo na mfuo ni za mzigo mdogo tu, na ukiivua imekwisha, usiirudishe.

Kupima

Usipime saklipi uliyoivua ukaipeleka dukani kama kielelezo. Huenda imeshatanuka, na huenda fundi aliyetangulia aliweka isiyo yake. Safisha mfuo kwa mafuta ya taa na mswaki wa nyaya, kisha pima kwa kalipa vitu vitatu: kipenyo cha shafti pembeni mwa mfuo, kipenyo cha chini ya mfuo, na upana wa mfuo. Mashine za zamani za Kiingereza huenda zikawa za inchi. Shafti ya inchi moja ni 25.4 mm, na saklipi ya 25 si yake hata kama inaonekana kuingia.

Pitisha ukucha kwenye kingo za mfuo. Zinatakiwa ziwe kali, zenye pembe mraba. Zikiwa zimelala au zimeviringika, mpelekee fundi kereza kabla ya kununua chochote. Akikata mfuo mpya, mwambie aache chuma cha kutosha kati ya mfuo na mwisho wa shafti, angalau mara tatu ya kina cha mfuo. Kwa shafti ya 20 mm kina ni 0.5 mm, basi aache 1.5 mm au zaidi. Pungufu ya hapo, kipande hicho cha mwisho humeguka chote pamoja na saklipi.

Kuvua

Vaa miwani. Saklipi ikiponyoka kwenye koleo huruka kwa nguvu, na inakwenda machoni au isikoonekana tena. Weka kitambaa au kiganja kingine juu yake unapoifungua.

Chagua koleo la upande wake: la nje hutanua unapobana mpini, la ndani hubana. Ncha zijae matundu ya masikio. Kwa saklipi ya shafti ya 10 hadi 25 mm, ncha za 1.3 mm zinafaa. Kwa 19 hadi 60 mm, za 1.8 mm. Ncha nyembamba hupinda, na zilizolika huteleza. Kama kuna kitu kinachosukumwa na springi nyuma ya saklipi, kama pistoni ya masta silinda ya breki, kisukume kwanza kwa fimbo butu na ukishikilie, ndipo uvue.

Tanua kiasi cha kupita tu. Hapa ndipo saklipi nyingi huharibiwa: fundi huifungua hadi mwisho wa koleo, chuma hupita uwezo wake wa kurudi, nayo ikirudishwa kwenye mfuo inakaa legevu. Ikiwa imegandishwa na kutu, iloweshe mafuta ya kupenya, izungushe kidogo kwa bisibisi kwenye mfuo wake, kisha ndipo uivue. Usiipashe moto wa gesi. Chuma cha springi kikipata moto hulainika.

Kuvisha

Weka mpya. Itazame kwa makini: kwa kuwa hukatwa kwa mashine ya kubonyeza, uso mmoja una kingo kali na mwingine una kingo zilizolegea, yaani zilizoviringika kidogo. Uso wa kingo zilizolegea uelekee kitu kinachozuiwa; ule mkali uegemee ukuta wa mfuo unaobeba mzigo. Ukigeuza, kingo zilizolegea hupanda ukutani na saklipi huinama kidogo kidogo mpaka itoke.

Angalia pia pembe ya kitu chenyewe. Beringi au gia yenye kona iliyokatwa kwa mshazari mkubwa husukuma saklipi katikati ya upana wake, mbali na ukuta wa mfuo, na kuipinda; uwezo wake hushuka sana. Tia washa ya kuegemea, DIN 988, kati yao, na hakikisha mfuo una nafasi ya kutosha kwa ajili yake.

Saklipi ikiingia utasikia mlio wa kukaa. Izungushe kwa bisibisi duru moja uone kama imezama pote. Kama sehemu moja imetokeza, kuna uchafu mfuoni au beringi haijafika mwisho. Usigonge kwa nyundo.

Krosi ya propela shafti, yaani kile kiungo cha msalaba, ina vikombe vinne, na kila kimoja kina saklipi yake. Ukishindwa kuingiza saklipi ya kikombe cha mwisho, sababu mara nyingi ni sindano moja ya beringi (rola nyembamba ya ndani ya kikombe) iliyoanguka na kulala chini ya kikombe. Toa kikombe, isimamishe kwa grisi nzito, kisha rudisha. Zikishakaa zote, krosi ipinde kwa mkono bila kukwama. Ikiwa ngumu, gonga polepole masikio ya yoki ili vikombe visogee vikaegemee saklipi zao.

Pini ya pistoni inataka umakini zaidi ya vyote. Mashine za boti za viharusi viwili, zile zinazotumiwa na wavuvi wa Deep Sea na Sahare hapa Tanga, huharibikia hapa. Kwanza ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, kwa sababu klipu ikitumbukia humo utaifungua injini yote. Usirudishe klipu ya zamani hata kama ni nzima kwa macho. Mdomo wa klipu uelekee juu au chini, upande wa mwendo wa pistoni, si ubavuni, na usilingane na kile kishimo cha kuvulia klipu kilichokatwa kwenye pistoni. Mdomo ukiwa ubavuni, kupanda na kushuka kwa pistoni huibana klipu mara maelfu kwa dakika. Ikishatoka, pini husogea na kuchora mkwaruzo mrefu kwenye silinda.

Kutu ya bahari, na mkonge

Hewa ya Tanga ina chumvi. Rangi nyeusi ya saklipi za kawaida ni fosfeti, nayo hukinga tu ikiwa na mafuta. Paka grisi kila unapofunga. Kwa boti na mitambo ya chumvi, tafuta za stenlesi, ila usizipime kwa sumaku: nyingi hutengenezwa kwa stenlesi inayoshika sumaku. Usipeleke saklipi ya kawaida kupakwa zinki kwa umeme. Hidrojeni huingia kwenye chuma hicho kigumu na inaweza kukipasua ikiwa tayari imevishwa, bila dalili yoyote kabla.

Kwenye mashine za kuchakata mkonge, utomvu wa majani una asidi na hula mfuo. Nyuzi nazo zikijisokota kwenye shafti husukuma sili na beringi, na saklipi hubeba mzigo usio wake. Zikate nyuzi hizo kwa kisu kila mashine inaposimama.

Kuchomelea saklipi kwenye shafti, au kuweka waya au msumari uliokunjwa mahali pake, usifanye. Moto wa kuchomelea huua beringi, na waya laini hulala siku mzigo unapokuja.

Karakana inayohudumia pampu, mota na pikipiki ikiwa na saklipi za nje za 10, 12, 15, 17, 20, 25, 30 na 35, na za ndani za 30, 32, 35, 40, 47, 52, 62 na 72, imefunika beringi zote kuanzia 6200 hadi 6207. Zihifadhi kwenye vikopo vilivyoandikwa namba, zikiwa na mafuta kidogo.