Kuchagua Risasi za .22 kwa Bunduki Yenye Seti ya Kubadilishia

Anayefunga seti ya kubadilishia katika bunduki ya 5.56 (kipimo cha risasi zake kwa milimita) ili ipige risasi ndogo za .22 Long Rifle hutafuta mazoezi mengi kwa gharama nafuu. Atayapata, lakini kwa sharti kwamba risasi zichaguliwe kwa kuangalia seti inavyofanya kazi, wala si bei iliyobandikwa kwenye kasha peke yake.

Kabla ya kwenda dukani, soma cheti chako cha silaha. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, cheti hutaja silaha unayoruhusiwa kuwa nayo pamoja na risasi zake, na ikiwa kimetaja 5.56 pekee, kuwa na seti hakukupi haki ya kununua .22. Iulize Bodi ya Leseni za Silaha kwa maandishi, na usubiri jibu kabla ya kuagiza hata hiyo seti yenyewe.

Sasa tuingie kwenye risasi. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, hubeba baruti kidogo, na kemikali inayoiwasha imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Katika seti ya kawaida, bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, haitegemei gesi inayotoka kwenye mtutu. Ganda linaporudi nyuma ndilo linaloisukuma mpaka springi ibanwe, ganda litupwe nje na risasi nyingine iingie. Kwa hiyo nguvu ya risasi ndiyo inayoiendesha mashine nzima. Risasi za mwendo wa wastani, zinazotoka kwa takriban mita 325 kwa sekunde, ni tulivu na wengi huzipenda katika bunduki za kukokwa kwa mkono, lakini katika seti mara nyingi huishia na ganda lililobanwa mlangoni au bolti isiyofika mwisho. Anza na risasi za mwendo wa kasi, karibu mita 375 kwa sekunde, zenye kichwa cha greini 40, yaani gramu 2.6. CCI Mini-Mag ya greini 40 ni mfano mzuri wa daraja hilo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kasi zaidi ni bora zaidi. CCI Stinger, kwa mfano, ina kichwa chepesi cha greini 32, hukaribia mita 500 kwa sekunde, na ganda lake ni refu kidogo kuliko la kawaida. Chemba ya seti, yaani nafasi risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haikutengenezwa kwa ganda hilo ila mtengenezaji aseme hivyo kwa maandishi, na mimi singeijaribu.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni ngozi ya kichwa cha risasi. Bunduki ya 5.56 ina tundu dogo katikati ya mtutu linalopitisha gesi ya kuendesha bolti yake ya asili, na kichwa cha ledi laini (madini ya risasi) kisichofunikwa huacha masizi na vipande vya madini ambavyo hujikusanya hapo kidogo kidogo, hadi siku unaporudisha bolti ya asili na kukuta bunduki haijipakii tena. Chagua kichwa kilichopakwa shaba, chenye ncha ya mviringo. Shaba hiyo ni nyembamba sana na haiondoi haja ya kusafisha, lakini inapunguza uchafu, na ncha ya mviringo hupanda kutoka kwenye magazini bila kukwaruzwa. Ukipitisha kidole juu ya kichwa cha ledi tupu kilichopakwa nta, kisha uangalie vumbi na nyuzi zilizonaswa hapo baada ya kukaa mfukoni asubuhi nzima, utaelewa kwa nini ninasisitiza.

Kuhusu usahihi, uwe na matarajio ya haki. Mtutu wa .22 kwa kawaida huizungusha risasi mara moja katika kila inchi 16, ilhali mitutu mingi ya 5.56 huizungusha katika kila inchi 7 au 9, na kichwa hulazimika kuruka nafasi fulani kabla ya kushikwa na mikondo iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha. Kwa hiyo usilipie risasi ghali za mashindano. Nunua kasha mojamoja la aina tatu au nne, piga angalau risasi 50 za kila aina, na uandike daftarini ni mara ngapi bunduki ilikwama na kundi la matundu kwenye shabaha lilikuwa na upana gani kwenye mita 50. Fanya jaribio hilo pia asubuhi ya Julai, wakati baridi ya Nairobi inapofanya nta na mafuta kuwa mazito, kwa kuwa aina iliyopita vizuri mwezi wa Februari inaweza kuanza kusita. Aina isiyokwama ndiyo ya kununua kwa wingi, hata kama kundi lake ni pana kidogo.

Hapa naomba msomaji atulie. Risasi isipolipuka, uelekeze mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kamili kabla ya kufungua, kwa sababu huenda ikachelewa kuwaka. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kufyatua papo hapo. Hilo lilinipata mwenyewe: ilisikika kama kizibo kikichomoka, ganda likatoka kama kawaida, kidole changu kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, na msimamizi wa uwanja akanishika bega. Tulipopitisha ufito ulisimama katikati ya mtutu, penye kichwa cha risasi kilichokwama. Risasi nyingine ya .22 ingeharibu mtutu, ya 5.56, yenye nguvu mara nyingi zaidi, ingeweza kuupasua mikononi mwangu.

Ndiyo maana, kila unapoondoa seti, ondoa magazini, hakikisha chemba ni tupu, pitisha ufito hadi utokee upande wa pili na uangalie mwanga ndani ya mtutu, kisha ndipo urudishe bolti ya 5.56.