Muziki ndani ya helmeti: ninavyosikiliza kutoka Busia hadi Kisekka

Mara mbili kwa wiki natoka Busia saa kumi na moja alfajiri kwenda Kampala. Natafuta vipuri Soko la Kisekka kwa ajili ya mafundi wa huku mpakani, nalala kwa shemeji yangu, asubuhi narudi na mzigo. Ni kilomita 200 hivi kila upande. Pikipiki yangu ni Boxer, na ikiwa na mzigo haikimbii. Nikienda kilomita 60 au 70 kwa saa, nikakutana na foleni ya Mukono, nikasimama Najjembe kula gonja, zile ndizi za kuchoma, safari inachukua saa nne hadi tano. Muda wote huo ni mimi, injini na upepo. Basi nasikiliza muziki, na simdanganyi mtu kwamba nimeacha.

Vijana wa steji ya bodaboda huniuliza, "Mzee, unabadilishaje nyimbo bila kutoa simu?" Jibu langu huwaudhi: sibadilishi. Kazi yote ya muziki naimaliza pikipiki ikiwa kwenye stendi. Barabarani kidole gumba cha kushoto kina kazi mbili tu, kunyamazisha na kupunguza sauti. Hayo mengine yanangoja nisimame.

Simu ikae wapi

Mwaka 2019 nilikuwa na kishikio cha simu kwenye usukani, kile cha makucha manne. Jioni moja nimeshapita Kakira, ukaja wimbo nisioupenda. Nikanyoosha kidole. Kioo cha simu kilikuwa na vumbi, kikakataa. Nikakifuta, nikabonyeza tena. Nilipoinua macho, mbele yangu kulikuwa na trekta linalovuta matela mawili ya miwa, halina hata taa moja ya nyuma. Nilikwepa, lakini miwa iliyotokeza ilikichukua kioo changu cha pembeni, simu ikaruka hadi upande wa pili, na basi lililokuwa linakuja likaikanyaga. Mimi nilitoka na mkono uliochubuka kuanzia kiwiko hadi bega.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 17. Niliitazama simu sekunde tatu hivi. Hizo ni mita 50 nilizoendesha kama mtu aliyelala.

Kwa hiyo simu yangu sasa inakaa mfuko wa ndani wa jaketi, kifuani, imefungwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, msimu wa mvua. Usukani una ubaya mwingine pia. Mtetemo wa injini unapita kwenye chuma moja kwa moja hadi ndani ya simu, na mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya iPhone zao. Na Kampala, simu iliyo wazi kwenye foleni ni mali ya mwenye mikono mepesi. Tena sheria yetu ya barabarani inakataza kushika simu ukiendesha, kwa hiyo ukiitoa mbele ya askari umejitafutia mazungumzo marefu.

Spika za nje, iyafoni, au spika za helmeti

Neno boda lilizaliwa hapa kwetu, kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na alikuwa na redio ndogo ya betri aliyoifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Kwa mwendo wa baiskeli ilisikika vizuri sana. Leo vijana wanafunga redio za flashi na spika mbili kubwa kwenye pikipiki, na stejini zinachangamsha kweli. Lakini ukifika mwendo wa kilomita 50 upepo unaimeza sauti yote, unaongeza, na anayefaidi ni yule mama anayeuza nyanya kando ya barabara, ambaye hakuomba. Mvua kubwa mbili tu na redio inaanza kukoroma. Sizipendi.

Iyafoni za kuziba sikio ndizo wengi wanatumia, na hoja yao ni kwamba wanaweka moja tu ili sikio la pili lisikie barabara. Inaonekana busara, lakini kichwa hujua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha masikio mawili. Ukiziba moja, honi utaisikia, ila hujui trela liko kulia au kushoto, na kwenye barabara ya Iganga huna nafasi ya kukisia. Halafu helmeti inaisukuma iyafoni ndani, na baada ya nusu saa sikio linauma kama limeng'atwa na siafu.

Ninachotumia mimi ni spika bapa mbili za ndani ya helmeti, zenye upana wa milimita 40 hivi. Haziingii sikioni, zinakaa mbele yake, na sauti ya nje inaendelea kupita. Zipo za Bluetooth zenye kisanduku cha kubandika pembeni mwa helmeti. Majina makubwa ni Cardo na Sena, bei zake ni za wenye pikipiki kubwa. Yangu ni ya Kichina, haina jina la maana, na ina miaka mitatu.

Asiye na hela ya hiyo asinung'unike. Chukua iyafoni za waya zenye kitufe kimoja na ubane kitufe hicho kwenye kola ya jaketi upande wa kushoto. Kwenye simu nyingi kubonyeza mara moja kunasimamisha wimbo, mara mbili kunaleta unaofuata. Kitufe unakipapasa bila kukitazama. Afadhali hata hivyo umpe fundi wa simu akutolee zile za kuingia sikioni akuunganishie spika bapa. Mwambie aache kiungo cha kuchomoka karibu na bega, kwa sababu siku moja utashuka kwenye pikipiki umesahau waya, na ni bora kiungo kichomoke kuliko shingo ivutwe.

Kufunga spika

Hapa ndipo watu wanakosea, kisha wanalaumu spika. Wanasema hazina nguvu, wanaenda kununua kubwa zaidi. Nguvu zipo, ila spika imekaa pasipo tundu la sikio. Ikienda pembeni sentimita moja tu, besi inakufa na unabaki na sauti ya nzi ndani ya chupa.

Vaa helmeti na uingize kidole uone tundu la sikio linaangukia wapi hasa. Kwa wengi huwa mbele na juu kidogo kuliko walivyodhani. Helmeti nyingi za kufunika uso zina shimo la mviringo chini ya kitambaa mahali pa sikio. Spika inalala humo. Kama shimo ni refu sana, weka kipande cha sponji nyuma ya spika kiisogeze mpaka iguse sikio kidogo bila kulikandamiza. Kisha washa muziki, vaa, na ukandamize helmeti kwa viganja viwili usawa wa masikio. Sauti ikijaa ghafla, spika bado iko mbali. Ongeza sponji. Isipobadilika, umemaliza.

Helmeti isiyo na shimo? Usichimbe. Ile povu nyeupe ngumu chini ya kitambaa ndiyo inayopokea kishindo kichwa kikipiga lami. Nimemwona kijana wa steji yetu akiichonga kwa kisu cha jikoni ili spika iingie, na nilimnyang'anya kisu mbele za watu. Bora ubandike spika nyembamba juu ya kitambaa, au uishi bila muziki. Zile helmeti nusu, za kofia tupu, usihangaike nazo hata kidogo.

Kisanduku cha vitufe kibandike upande wa kushoto. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, usiuguse. Wa kushoto una klachi, nao unapumzika ukiwa kwenye gia moja barabara iliyonyooka. Kwenye kitufe cha kunyamazisha nimedondosha tone la gundi kali likakauka, kikawa na kipele. Hata na glavu za mvua nakipata. Kabla ya safari ya kwanza kaa juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi, fumba macho, na ubonyeze mara 20 mpaka usikosee hata moja. Jirani zako watacheka.

Kuna pia rimoti ndogo ya Bluetooth inayofungwa kwenye usukani karibu na mshiko wa kushoto, yenye betri ya sarafu. Niliipenda kwa wiki moja. Kwenye Boxer honi iko hapohapo, na siku mbuzi alipokatiza, nilibonyeza rimoti. Mbuzi akaendelea na safari yake, mimi nikaletewa wimbo unaofuata. Ukiinunua, iweke mbali na honi.

Upepo kwanza, sauti baadaye

Watu wanaongeza sauti ya muziki ili ishinde upepo. Huo mchezo utaupoteza. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanahesabu hivi: desibeli 85 sikio linaweza kuvumilia saa 8, kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Ndani ya helmeti, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo peke yake huwa umeshapita 90. Sisi wa Boxer tuna nafuu kidogo, ila tunakaa humo muda mrefu, na muziki unapanda juu ya hiyo hesabu.

Upepo mwingi unaingia chini ya kidevu. Funga skafu shingoni na uisukume izibe pengo, teremsha kioo cha helmeti, na utashangaa jinsi sauti ileile inavyotosha. Halafu kuna vizibo vya sponji vya masikio, vile vya wafanyakazi wa mashine. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu, kiingize, ushikilie sekunde 30 kikivimba. Vinakata ule mngurumo wa upepo, na muziki wa spika za helmeti unapita ukiwa safi zaidi. Honi za trela bado nazisikia. Wenzangu waligoma kuamini mpaka mmoja wao alipojaribu kwenda Tororo na kurudi.

Kipimo changu cha sauti ni injini. Nikiwa kwenye mwendo wa safari nisipoisikia Boxer inabadilika inapopanda mlima, sauti ni kubwa mno. Injini ndiyo inayoniambia mnyororo umelegea au mafuta yanakaribia kuisha.

Orodha ya nyimbo ni kazi ya usiku

Usiku kabla ya safari napanga nyimbo za saa tano na kuziweka kwenye kadi ya kumbukumbu. Sitegemei mtandao, ndani ya msitu wa Mabira unaweza kukatika, na wimbo unaokwamakwama unamvuta mtu mfukoni kuliko ukimya. Nazima arifa zote. Ujumbe wa pesa za simu ukilia katikati ya wimbo unatamani kujua nani kakutumia, na mara nyingi ni tangazo tu. Kwenye programu ya muziki washa mpangilio wa kusawazisha sauti, la sivyo wimbo wa zamani uliorekodiwa chini utakufanya uongeze, na wa leo unaofuata utakupasua kichwa.

Rumba ya Kongo ni rafiki wa barabara kwa sababu wimbo mmoja unaweza kufika dakika 10, na sauti haipandi na kushuka ovyo. Ubaya wake ni sebene. Magitaa yakianza kukimbia, mkono wa kulia nao unavuta mafuta, na nimejikuta kwenye 85 bila kukusudia. Sasa za sebene kali naziweka mwanzo, nikiwa bado sijachoka, au sizibebi. Kadongo kamu, nyimbo za Kiganda za gitaa na masimulizi, naweka baada ya Jinja, maana zile hadithi zinanizuia kusinzia.

Kunyamazisha kabisa: nikiingia mji wowote wenye matuta, nikitaka kulipita gari, Mabira yenye ukungu, na usiku kuanzia Kakira hadi miwa iishe. Nikibeba abiria ninazima tangu anapopanda. Ana haki ya kuniambia "hapa, hapa" nikamsikia mara ya kwanza.

Kisanduku nakichaji usiku kwa shemeji. Ukitaka chaja kwenye pikipiki, fundi aichukulie umeme kwenye waya unaokufa ukizima swichi, na aweke fyuzi ndogo karibu na betri. Betri ya Boxer ni ndogo, na ukiiunganisha moja kwa moja itakuachisha njiani kwa ajili ya chaja uliyoisahau.

Jambo la mwisho ni jasho. Kila wiki mbili toa kitambaa cha ndani ukifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Spika zitoe kwanza. Mke wangu alinisaidia kufua siku moja, mimi sikumwambia, na jozi ya kwanza iliishia kwenye beseni pamoja na soksi.