Umepata diploma, unataka jeolojia? Anza hivi

Wadogo wa Goma, kama unapenda mambo ya mawe, usijiandikishe "Sayansi" tu halafu utafute baadaye utasoma nini. UOB (Université Officielle de Bukavu) iko na jeolojia, ni karibu, unapanda boti tu. UNILU (Université de Lubumbashi) nayo iko nayo, lakini mine (kuchimba madini) na metalurjia (kuyeyusha na kutengeneza metali) ziko Politekiniki, ile ni fakilte ingine kabisa na hesabu zake kali, watu wengi wanachanganya. Kama ni volkano inakuvuta (Nyiragongo ya 2002 na 2021 wote tunaijua), uliza mapema kama unaweza pata staji OVG (Observatoire ya volkano ya Goma). Uliza pia tereni (kutoka kwenda kusoma mawe kwenyewe): safari nani analipa, nyundo na busola unajinunulia? Pale ndiyo franga zinaisha, minervali (pesa ya masomo) watu huwa wamejipanga.