Bakapu inakatikia njiani, netiweki inapotea: tafuta kwanza inakatika wapi

Kama bakapu yako inaanza vizuri, inafika nusu au robo tatu halafu inagoma na kukwambia netiweki imepotea, usikimbilie kufuta programu ya bakapu na kuinstoli upya. Mara nyingi programu haina kosa. Bakapu inasukuma data masaa mfululizo bila kupumzika kwa hiyo muunganisho ukiyumba sekunde chache tu inaona, wakati wewe ukiwa unaperuzi hata hugundui maana brauza inajaribu tena yenyewe kimyakimya, ndo maana watu wengi wanasema "mbona intaneti iko poa" na kumbe waya umeanza kufa zamani.

Fanya hivi kabla hujagusa setingi yoyote. Kwenye Windows fungua dirisha la komandi, andika ipconfig, angalia namba iliyo mbele ya Default Gateway, hiyo ndo raouta yako, nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping -t na hiyo namba (ping ni komandi inayoita kifaa na kusubiri kijibu). Fungua dirisha la pili, piga ping kwenye kifaa kinachopokea bakapu, iwe seva au NAS (kisanduku cha diski kilichounganishwa kwenye netiweki), na kama bakapu inaenda klaudi basi piga 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo huko nje kwenye intaneti). Kwenye Mac na Linux hiyo -t haitakiwi, ping inaendelea yenyewe mpaka uisimamishe. Yaache madirisha yote mawili wazi, anzisha bakapu, subiri ikatike.

Ping ya raouta ikikata, shida iko kati ya kompyuta na raouta. Raouta inajibu ila NAS kimya, hangaika na NAS na waya wake, usiiguse kompyuta. Raouta inajibu ila 8.8.8.8 haijibu, hapo ni laini ya intaneti. Zote zikijibu mpaka mwisho na bakapu bado imekufa, basi netiweki ni nzima, kaangalie nafasi kwenye diski, nywila, antivairasi, na logi ya programu yenyewe.

Sasa tuseme ni kompyuta na raouta, hii ndo inasumbua wengi. Mshukiwa namba moja kwangu ni usingizi. Kompyuta ikiachwa bila kuguswa inalala, na sio programu zote za bakapu zinaizuia isilale, kwa hiyo zima kulala kabisa kwa muda wa bakapu na kama ni laptop ichomeke kwenye chaja na usifunge kifuniko chake. Halafu kuna usingizi wa kadi ya netiweki peke yake, huu umejificha: ingia Device Manager, fungua Network adapters, bonyeza kulia kwenye kadi yako, Properties, kwenye kichupo cha Power Management toa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kadi ili kubana umeme. Hicho kichupo kwenye mashine nyingine hakipo, basi nenda Advanced na ukikuta Energy Efficient Ethernet izime. Ukiwa hapo hapo sasisha draiva, ila chukua kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi, sio kwenye saiti za kuokoteza.

Waya nao usiuamini kwa macho. Angalia spidi ya muunganisho, kama kadi na raouta zote ni za gigabit lakini unaona 100 Mbps, kuna uwezekano mkubwa nyaya za ndani zimekatika maana gigabit inahitaji jozi zote 4 wakati 100 inaenda na jozi 2 tu. Badilisha waya, kisha badilisha tundu la kuchomeka, kimoja kimoja, ukibadili vyote kwa mpigo hutajua kilichotibu. Waifai kwa bakapu kubwa siipendi kabisa, ila kama huna namna kaa karibu na raouta na utumie bendi ya 5 GHz.

Ikiwa inakatika kila baada ya muda ule ule, fikiria kitu kinachohesabu saa, mfano raouta iliyopangiwa kujizima na kujiwasha, au IP (namba ya kifaa kwenye netiweki) inayobadilika. Ipe NAS IP isiyobadilika. Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows), sehemu ya System, itakuonyesha kilichotokea dakika ile ile ping ilipokata.

Na ikiwa inakatika kwenye faili ile ile kila siku, hiyo sio netiweki. Diski ya USB iliyochomekwa kwenye raouta ikiwa na fomati ya FAT32 haipokei faili ya GB 4 au zaidi, itagoma hapo hapo kila mara.

Kwa wa klaudi, bakapu ikimeza aplodi yote laini inabanwa mpaka miunganisho inakufa kwa kusubiri, kwa hiyo ndani ya programu ishushe spidi ibaki kama 70% au 80% ya aplodi yako.

Wakati unatafuta tatizo unaweza kutumia robocopy (komandi ya Windows ya kunakili faili) na /Z ili faili iendelee pale ilipoishia, weka na /R:5 /W:10 kwa sababu bila hivyo inajaribu mara milioni 1 na kusubiri sekunde 30 kila mara, utadhani imeganda. Wa rsync (komandi ya kunakili ya Linux na Mac) tumieni --partial.

Bakapu ikimaliza salama, rudisha faili kadhaa kwenye folda nyingine uzifungue moja moja, hasa zile kubwa zilizokuwa zinahamishwa pale ilipokuwa inakatika.